Vita vya Abushiri na utumwa: watoto wetu tuwaeleze ukweli wote

Wazazi wengi wa Kiislamu hapa Dodoma hulisikia swali moja pindi watoto wao wanapofikia somo la misafara ya pwani na bara: je, ni kweli kwamba Waislamu ndio waliouza watu? Majibu yanayotolewa majumbani aghalabu ni mawili. Wako wazazi wanaokana kila kitu, wakasema hizo ni hadithi za wamisionari na wakoloni. Wako wengine wanaonyamaza, mtoto akabaki na aibu asiyojua chanzo chake. Kwa maoni yetu, majibu yote mawili yanamdhulumu mtoto, na yanaidhulumu dini.

Katika makala haya tumeona tuurejee mgogoro wa utumwa katika dola ya Zanzibar, mgogoro ulioanza kwa mikataba na kuishia katika vita vya mwaka 1888 hadi 1890. Vita hivyo vimezoeleka kuitwa Vita vya Abushiri, na wengi wetu tunavijua kama habari ya Pangani na Bagamoyo. Lakini vilipanda milima vikafika Mpwapwa, ndani ya mkoa wetu huu wa Dodoma. Ni historia yetu sisi watu wa bara kama ilivyo ya watu wa pwani.

Njia iliyopita Ugogo

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara na kufika Mpwapwa, kisha ikaivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo na kuendelea hadi Tabora na Ujiji. Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumzika na kujaza maji. Ndani ya Ugogo, ambako maji ndiyo uhai, watemi wenye visima walitoza hongo kwa kila msafara uliopita, na hongo hiyo ililipwa kwa vitu kama shanga, nyaya na hasa nguo. Leo njia hiyo, pamoja na vituo vyake vya Mpwapwa na Kilimatinde, imo katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania imeyapendekeza kwa UNESCO ili yaingizwe katika urithi wa dunia.

Haki inatutaka tuseme kwamba si kila aliyepita njia hiyo na mzigo begani alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hususan Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Haki hiyohiyo inatutaka tuseme kwamba pamoja nao walipita watu waliotekwa katika vijiji vyao, wanaume kwa wanawake na watoto, wakipelekwa pwani kuuzwa. Njia ya kusini, kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, ilichukua watu wengi zaidi.

Wala wanunuzi wa mwisho hawakuwa wa upande mmoja. Nguo iliyotakiwa sana katika misafara iliitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa nchi ile kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwake. Pembe za ndovu zilizotoka huku zilikwenda kutengenezwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Mtemi wa Kigogo aliyepokea doti za merikani alikuwa ameshika mkononi jasho la watumwa wa ng'ambo asiowajua.

Dola iliyogawanyika

Waingereza walianza kumbana Seyyid Said bin Sultan juu ya biashara ya watumwa tangu mkataba wa mwaka 1822. Mwaka 1845 alitia saini mkataba mwingine, uliopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Arabuni. Lakini kufikia wakati huo mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa yakihitaji mikono mingi, na biashara ndani ya dola haikuguswa. Wanahistoria wanakisia kuwa katika miaka ya 1860 watu wapatao 20,000 kwa mwaka walipitishwa katika soko la Unguja.

Seyyid Barghash alishika utawala mwaka 1870. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliikumba Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi. Miezi michache baadaye, Januari 1873, mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, aliwasili na mkataba wa kufuta biashara yote ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Alijua kwamba kukubali ni kuwapiga raia wake wakati wangali wanaokota mabaki ya kimbunga. Haukupita muda mrefu balozi wa Uingereza, John Kirk, akamfikishia tishio la manowari kuizingira Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini. Soko la Mkunazini likafungwa, na mahali pake likajengwa kanisa.

Mwaka 1876 zikafuata amri mbili: moja ya kuzuia watumwa kupitishwa kwa miguu kandokando ya pwani, na nyingine ya kuzuia misafara ya watumwa kutoka bara. Hapo ndipo mgawanyiko ulipojitokeza waziwazi. Wenye mashamba waliona mali yao inashambuliwa. Wafanyabiashara wa misafara walikuwa na madeni ya fedha walizokopa Unguja, na hawakuona watayalipaje. Heshima ya Sultani kwa majumbe, maliwali na wakubwa wa miji ya pwani ilikuwa ikisimama juu ya maelewano ya miaka mingi, na kila amri iliyojulikana kuwa imetoka katika nyumba ya balozi iliyapunguza maelewano hayo. Watu walianza kuuliza nani hasa anatawala.

Marufuku ya bahari ilizaa jambo jingine ambalo walioandika mikataba hawakulikusudia. Watumwa walioshindwa kuvushwa walibaki upande wa bara, wakatumikishwa katika mashamba ya pwani, yakiwemo ya miwa katika bonde la Pangani. Wengine walitoroka, wakajenga vijiji vya watoro na kuvilinda kwa silaha. Tunalitaja hili kwa sababu katika ugomvi wote huu, baina ya balozi na Sultani na baina ya Sultani na raia wake, mtumwa mwenyewe hakuna aliyemuuliza neno. Watoro walijibu kwa miguu yao swali ambalo hawakuulizwa.

Bendera ya pili

Dola ikiwa katika hali hiyo, akaja mgeni mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya misalaba ya machifu chini ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Februari 1885 Ujerumani ikayatangaza maeneo hayo kuwa chini ya ulinzi wake. Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake mwezi Agosti. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi.

Barghash alifariki Machi 1888. Tarehe 28 Aprili mwaka huohuo ndugu yake, Seyyid Khalifa, aliikodisha pwani hiyo kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikusanye ushuru na kuendesha utawala kwa jina lake. Agosti 1888 maofisa wa kampuni waliingia mijini, wakapandisha bendera ya kampuni kando ya ile ya Sultani, wakatangaza kodi mpya na masharti ya kuthibitisha umiliki wa ardhi. Pangani ofisa wao, Emil von Zelewski, alimdharau liwali mbele ya watu. Inasimuliwa kwamba katika siku za Idd al-Hajj wanajeshi waliomtafuta liwali huyo waliingia msikitini na mbwa. Tumwachie msomaji apime namna habari hiyo ilivyopokelewa.

Pwani ikawaka. Kilwa maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Kufikia mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Pangani uongozi ulishikwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa. Saadani ulishikwa na Bwana Heri bin Juma. Waliowafuata hawakuwa Waarabu peke yao. Walikuwepo Waswahili wa mijini, Wazigua, wapagazi wa kutoka bara, na hata watumwa. Wengi walikuwa na hasira pia dhidi ya Sultani aliyewakodisha pamoja na miji yao.

Utumwa wageuzwa bendera ya vita

Serikali ya Ujerumani ilikuwa imetaka kampuni ijigharimie yenyewe. Kampuni iliposhindwa, Kansela Bismarck alihitaji fedha za bunge, na bungeni kulikuwa na chama chenye nguvu cha Wakatoliki kisichopenda kuzitumia kwa makoloni. Mwaka huohuo wa 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alikuwa akizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa barani Afrika. Bismarck aliona fursa. Maasi yaliyotokana na bendera, kodi, ardhi na heshima ya watu yakapewa jina jipya: uasi wa Waarabu wanaofanya biashara ya watumwa.

Desemba 1888 manowari za Kijerumani na Kiingereza zilianza kuizingira pwani, na sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Msomaji na aone jinsi mambo hayo mawili yalivyofungwa katika fungu moja.

Hapa ndipo tunapotakiwa kuwa waangalifu. Ni kweli kwamba Abushiri alikuwa na watumwa katika shamba lake, na kwamba wakubwa wengi waliopigana upande wake walihofia kupoteza watu waliowamiliki. Asiyelisema hilo anaficha. Lakini anayesema kwamba Wajerumani walikuja kupigana ili mtumwa awe huru, huyo naye atueleze kilichotokea baada ya ushindi.

Vita vyafika Mpwapwa

Aliyepewa kazi ya kuvunja maasi ni Hermann von Wissmann. Aliandikisha Wasudani mia kadhaa kutoka Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Wengi wa Wasudani hao walikuwa Waislamu, na walitoka katika jeshi ambalo kwa miongo mingi lilikuwa likijaza safu zake kwa watu waliotekwa utumwani. Tarehe 8 Mei 1889 waliishambulia kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo na kuivunja.

Abushiri alielekea bara kwa njia ileile ya misafara. Kati ya mwaka 1889 aliishambulia Mpwapwa, ambako kampuni ilikuwa na kituo chake. Mjerumani mmoja aliuawa, mwingine akakimbia, na majengo ya wamisionari wa Kiingereza yakachomwa moto. Oktoba Wissmann mwenyewe alifika Mpwapwa na kujenga ngome, kwa kuwa aliyeishika Mpwapwa aliishika njia ya kwenda Ugogo na Tabora. Mwezi uliofuata Stanley na Emin Pasha walipita hapo wakienda pwani, wakaikuta bendera ya Kijerumani tayari imepandishwa.

Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri Aprili 1890. Ugogo haukupata nafuu. Katika mwaka huo wa 1890 Carl Peters alipita akirudi kutoka Uganda, akawapiga Wagogo waliomdai hongo na kuchoma vijiji vyao. Hao hawakuwa wafanyabiashara ya watumwa. Walikuwa wenye visima.

Je, watumwa waliachiwa huru?

Marekani nayo iligawanyika kwa ajili ya utumwa, ikaingia vitani mwaka 1861. Vita vilipomalizika mwaka 1865, katiba ilibadilishwa na utumwa ukafutwa kisheria nchi nzima. Huku kwetu mshindi alishinda na utumwa ukabaki.

Wajerumani walipiga vita biashara ya watumwa, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Walihitaji wenye mali wa pwani wawe maliwali na maakida wao, na waliogopa mashamba kukosa wafanyakazi. Mtumwa aliweza kupata hati ya uhuru kwa kujikomboa, kukombolewa au kuachwa huru na bwana wake, na makumi ya maelfu ya hati hizo yalitolewa. Kwa amri ya mwaka 1904, watoto waliozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa kuwa huru. Wazazi wao walibaki walivyo. Sheria ya kuufuta kabisa utumwa Tanganyika ilipitishwa na Waingereza mwaka 1922, miaka 33 baada ya zile mark milioni 2. Zanzibar, chini ya ulinzi wa Uingereza, hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909.

Mizani ya dini

Sasa tuyapime yaliyotendwa na watu wetu kwa mizani ya dini yetu. Uislamu uliukuta utumwa duniani kote, ukaifungua milango ya kutoka. Qur'an Tukufu katika Surat At-Tawba imeweka fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa watumwa. Katika Surat An-Nur imewaelekeza wenye watumwa kuwaandikia mkataba wa uhuru wale wanaoutaka. Kumwacha mtumwa huru kumefanywa kafara ya makosa kadhaa, na katika Surat Al-Balad kumetajwa kuwa ni kupanda ile njia nzito ya mlimani. Kuhusu mtu huru, Hadith imeweka wazi kwamba anayemuuza na kula thamani yake atakuwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe kuwa hasimu wake Siku ya Kiyama.

Basi tujiulize: wale waliovamiwa usiku katika vijiji vya Nyasa na Manyema walikuwa nani, kama si watu huru? Ni vita gani ya haki iliyowafanya mateka? Hakuna mwanachuoni anayeweza kuihalalisha biashara ile kwa hoja ya dini, na walioifanya wakiwa na majina ya Kiislamu walifanya dhuluma. Wala si kweli kwamba Waislamu walisubiri manowari za Ulaya ndipo wakajua hivyo. Mtawala wa Tunis, Ahmad Bey, aliufuta utumwa katika nchi yake mwaka 1846, akiungwa mkono na mamufti, kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake mwaka 1848 na kabla ya Marekani. Mlango ulikuwa wazi. Watu wa pwani yetu hawakuupita, na kwa kutoupita walimwachia mgeni sababu ya kubeba bunduki.

Yaliyobaki majumbani

Kuna waliosema zamani kwamba mtumwa aliyeachwa huru kwa amri ya serikali, bila ya ridhaa ya bwana wake, hakuwa huru kisheria. Hoja hiyo imekufa katika vitabu lakini haijafa katika nyumba zetu. Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti huletewa mashauri ya posa ambamo kijana mwenye dini, tabia na kazi anakataliwa kwa neno moja linalosemwa kwa sauti ya chini: hana asili. Wazee wanaotoa neno hilo hulifunika kwa jina la kufu. Tunawaomba wazee wetu watazame wanaloliendeleza. Mikataba ya 1822 na 1873, vita vya 1888 na sheria ya 1922 vyote vimepita, na bado tunamuuliza kijana kuhusu babu aliyefungwa kamba bila ya hatia. Kama kuna aibu katika habari ile, ni ya aliyefunga.

Tumtaje mtu mmoja. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto kutoka Manyema, akiwa mtumwa katika nyumba ya liwali. Alisoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa Twariqa ya Qadiriyya, na watu wa bara na pwani wakamiminika kwake. Waingereza walipoichukua nchi aliteuliwa kuwa liwali wa Bagamoyo, cheo kilekile cha bwana aliyemmiliki. Alifariki mwaka 1931. Wenye asili zao walisoma mbele yake na kuswali nyuma yake.

Mtoto atakapouliza tena, tumweleze hivi: ndiyo, walikuwepo Waislamu walioteka na kuuza watu, na dini yao inawahukumu. Na ndiyo, walikuwepo waliokuja kwa jina la kuwakomboa watumwa, wakaitwaa nchi na kuwaacha watumwa walivyo. Kisha tumpeleke Mpwapwa, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa mjini, asimame juu ya njia yenyewe na kuwaombea waliopita hapo bila kurudi makwao. Wengi hatujui majina yao, na huenda baadhi yao ni babu na bibi zetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli hata dhidi ya nafsi zetu. Wallahu a'lam.